Simeon Wawili

Mayungiyungi yalikuwa yameshang'olewa. Yalilazwa kando ya njia mizizi juu, na udongo mwekundu ulikuwa bado unadondoka. Magdaline aliyaona hayo kabla hajawaona watu. Alikuwa ametoka kuuza sukuma wiki sokoni, kikapu kitupu kikimning'inia mkononi, na kama ilivyokuwa desturi yake siku za soko, alipitia makaburi ya umma juu ya mji amsalimie mwanawe kabla ya kurudi kijijini.

Kisha akawaona. Wanaume wawili, mmoja na jembe, mwingine na koleo, na miguuni mwao kigingi cheupe kilichoandikwa namba kwa rangi nyeusi. Mwenye koleo alikuwa Mburu. Kila mtu asiyekuwa na shamba la kuzikia katika mji huo alimjua Mburu, maana ndiye aliyewafungulia wafu wao mlango.

"Hapa kuna mtu," Magdaline alisema.

Mburu aliinua kichwa, akamtazama, akatazama kigingi. "Mama, hapa kuna namba."

"Nakuambia kuna mtu. Ni mtoto wangu. Hayo maua nimeyapanda mimi."

"Pole, mama. Mimi nafanya na karatasi." Alitoa kibali kilichokunjwa mara nyingi mfukoni mwa koti, akakifungua taratibu ili kisipasuke kwenye mikunjo. "Ona. Mia mbili na kumi na nne. Imeandikwa wazi. Siku hizi ni kompyuta inachagua, si mimi. Makaburi yote yamejaa, imebaki hii peke yake. Wenye maiti wanakuja leo mchana."

"Leo?"

"Leo."

Magdaline alitafuta alama kwa macho. Kulikuwa na msalaba wa mbao, mchwa wakaula. Kulikuwa na mawe meupe aliyoyapanga mwenyewe, nayo yaliondolewa wakati manispaa ilipofyeka makaburi na kuyapigia kila moja kigingi. Maua tu ndiyo yaliyokuwa yamebaki, na sasa hata hayo yalikuwa njiani.

"Mburu, wewe mwenyewe ulikuwa hapa. Ule mwaka wa korona."

Mburu alikwangua tope kwenye koleo kwa kidole. "Ule mwaka tulizika wengi, mama. Na si mimi niliyeshusha. Walikuja wale wa nguo nyeupe."

Hilo lilikuwa kweli. Walikuja asubuhi na mapema, wamefunikwa hadi macho, na jamaa wakazuiwa nje ya ua. Magdaline aliliona jeneza la mwanawe kwa mbali, kupitia matundu ya seng'enge, likishushwa haraka haraka kama mzigo wa magendo. Hakuimba. Hakutupa udongo. Alipoomba angalau konzi moja, askari alimwambia arudi nyuma. Kijana alikuwa ndio tu amemaliza shule ya upili.

"Niende ofisini," alisema. "Nisubiri. Tafadhali usichimbe."

"Nisipochimba nafutwa. Nitachimba polepole." Mburu alitema mate pembeni. "Lakini kuchimba polepole pia ni kuchimba, mama. Kimbia."

Alikimbia.

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa imepakwa rangi mpya, na juu ya dirisha la kioo kulikuwa na bango lililosema HUDUMA BILA KARATASI, lenye picha ya msichana anayecheka na simu. Zamani mahali hapo palikuwa na rafu za vitabu vikubwa vyenye majalada ya kitambaa, vingine vimevimba kwa maji ya paa lililovuja. Vilipigwa picha, ukurasa baada ya ukurasa, kisha vikapakiwa kwenye lori na kupelekwa ghala ambalo hakuna aliyelijua kwa jina. Rafu zilikuwa zimeondolewa. Kwenye benchi walikaa watu wachache waliokuja kwa mambo ya leseni na vibanda, wakatazamana walipomwona anavyohema.

Nyuma ya kioo alikuwa kijana mmoja mpole aitwaye Kinuthia, mwenye sweta iliyofumwa kwa mkono. Alimsikiliza Magdaline hadi mwisho, jambo ambalo hakulitegemea.

"Jina la marehemu?"

"Simeon Mwai Gatimu."

Vidole vya Kinuthia vilipita juu ya herufi. Uso wake ukanawiri. "Ah! Mama, tulia basi. Mtoto wako yuko, amelala salama. Yuko namba themanini na mbili, karibu na ua wa chini."

"Huyo si mtoto wangu. Huyo ni guka yake. Babu yake."

"Hapa nasoma Simeon Mwai Gatimu."

"Ndiyo. Na babu yake pia alikuwa Simeon Mwai Gatimu. Mume wangu ni Gatimu wa Mwai. Mtoto wetu wa kwanza tungemwita nani? Si jina la baba ya mume wangu? Tukamwita jina lote, hata la ubatizo."

Kinuthia aliacha kutabasamu. Alisogeza kiti karibu na kompyuta, akafungua kitu, akafungua kingine. Magdaline aliona rangi ya samawati ya kioo ikicheza kwenye miwani yake.

"Waliunganishwa," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Sistemu ilitoa majina yaliyojirudia. Tuliambiwa kitabu cha zamani kilikuwa na makosa mengi, mtu mmoja ameandikwa mara mbili mbili. Kwa hivyo jina likilingana, na tarehe zisipopingana, wanakuwa mtu mmoja. Linabaki kaburi la kwanza. La pili linarudi kwa yale ya wazi."

"Tarehe hazikupingana? Mmoja alikuwa mzee, mwingine mtoto wa shule!"

"Ukurasa wa mzee ulikuwa umeingiwa na maji, tarehe ya kufa haikusomeka. Na mahali pa tarehe ya kuzaliwa karani wa zamani aliandika..." Alikaza macho. "Aliandika 'wakati wa nzige'. Hiyo sistemu haikuielewa, ikaacha tupu. Na nafasi tupu, mama, haigombani na mtu."

"Wewe unaitwa nani?" Magdaline alimuuliza.

"Kinuthia."

"Wa nani?"

"Wa Njogu."

"Na baba ya baba yako?"

Kijana alisita. "Kinuthia wa Njogu."

Mama mmoja mnene kwenye benchi alipiga kofi pajani. "Haiya! Basi siku wakimzika guka yako, wewe mshahara kwaheri! Ati marehemu anakuja kazini na sweta!"

Watu walicheka. Kinuthia naye alianza kucheka, halafu kicheko kikamkatikia kooni. Magdaline hakucheka hata kidogo.

"Watenganishe," alisema.

"Siwezi. Kutenganisha ni mkubwa wangu, Wendy. Yuko mkutanoni Nanyuki." Alipiga simu, akaiweka sikioni, akaitoa. Akapiga tena. "Imezimwa."

"Basi simamisha hayo mazishi."

"Siwezi kusimamisha kibali kilicholipiwa." Aliangalia nyuma yake kana kwamba kuna anayesikiliza, kisha akainamia tundu la kioo. "Kitu kimoja naweza. Hiki ni kidogo, niko na ruhusa yake. Naweza kumhamisha Simeon. Nimtoe themanini na mbili, nimweke mia mbili na kumi na nne. Hapo kaburi la mtoto wako linafungwa sasa hivi, na Mburu anapata ujumbe aache."

Magdaline alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. "Fanya."

"Lakini mama, niko na mtu mmoja tu kwa sistemu. Akihamia huku, kule kunabaki wazi. Na kibali cha leo kitahamia kule chenyewe. Mburu ataambiwa aende akachimbe themanini na mbili."

Yule mama mnene aliinuka kwenye benchi, akasogea karibu asikie.

"Kwa guka," Magdaline alisema.

"Kwa guka."

Alitoka nje akampigia mumewe. Gatimu alikuwa Nanyuki pia, juu ya ghorofa fulani akifunga vyuma, na upepo ulimeza nusu ya maneno yake. Alimweleza yote bila kulia.

"Magda," Gatimu alisema, "mmoja alinizaa, mwingine nilimzaa. Unataka niseme nini? Wewe ndiye uko hapo. Utakalosema, ndilo langu."

Magdaline alibaki amesimama chini ya ukuta, simu ikipoa kiganjani. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima wote, na kutoka upande wa Nyandarua upepo ulileta harufu ya mvua. Alimkumbuka mzee, baba mkwe wake. Magdaline alipoletwa nyumbani kwao kuolewa, akiwa msichana, wengine walimpima kwa macho kama ndama wa mnada, lakini mzee alimsogezea kiti karibu na moto. Na Simeon mdogo alipozaliwa, mzee alimpokea, akajitemea mate kidogo kifuani kama wazee wanavyobariki, akamwambia kile kitoto, "Karibu, rika langu." Tangu siku hiyo hawakuitana kwa namna nyingine. Mtoto alipojifunza kusema, naye alimwita babu yake rika langu, na wakinywa uji mzee alisema, "Mpe mwenzangu kwanza, mimi na yeye ni mmoja. Akishiba nimeshiba."

Mzee mwenyewe alisema wao ni mmoja. Lakini hakusema walale shimo moja. Wala hakusema mmoja amnunulie mwenzake usingizi.

Akarudi dirishani. "Usimhamishe mtu."

"Mama, muda unaenda. Ukikataa, ni mtoto."

"Nimesikia. Wewe mtafute huyo Wendy wako. Mimi naenda kumtafuta mwenye maiti."

Kinuthia alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Mimi sikuambii uende, na sikuambii usiende," alisema. "Niachie namba yako ya simu."

Alichukua boda. Walipofika langoni, gari la maiti lilikuwa limeshaegeshwa, na akina mama wa kanisa waliovaa vitambaa vyeupe walikuwa wameanza wimbo. Magdaline alipita katikati yao akiomba samahani. Shimo lilikuwa limefika kiunoni mwa Mburu. Mburu alipomwona aliegemea koleo lake, akatikisa kichwa kuuliza, naye akatikisa chake kujibu.

"Mbona mmelala na kazi?" Kijana mrefu wa suti nyeusi alikuwa amesimama ukingoni, akimkaripia Mburu. "Tangu asubuhi! Tutamzika mama yetu mpaka kiunoni?"

Magdaline alimgeukia. "Samahani. Ni nyinyi mnaozika hapa?"

"Ndio sisi. Wewe ni nani?"

"Hapa kuna mtoto wangu. Ofisi imekosea, imemchanganya na babu yake. Nawaomba msubiri. Wanatafuta njia."

"Tusubiri mpaka lini? Sanduku liko kwa gari!" Alitoa simu, akamwonyesha kibali karibu na pua. "Ona. Tumelipa, tumepewa. Kama una mtoto hapa, msalaba wake uko wapi?"

"Uliliwa na mchwa."

"Kaburi bila msalaba ni shamba," alisema yule kijana. "Leo ndio umekumbuka uko na mtoto?"

Wimbo ulikatika. Maneno hayo yalimwingia Magdaline polepole, kama maji baridi yanavyoingia kiatuni. Alimpa mama mmoja wa kanisa kikapu chake, akashika sketi, akaketi ukingoni mwa shimo, akajishusha ndani. Akina mama waliguna kwa hofu. Mwanamke mzima, mzima wa afya, ndani ya kaburi lililochimbwa! Mburu alirukia nje kama aliyeguswa na moto.

"Basi chimbeni," Magdaline alisema kutoka chini. Udongo ulikuwa laini chini ya viatu vyake, mwekundu na mweusi umevurugika pamoja, si kama ardhi ambayo haijawahi kufunguliwa. Hapo chini, si mbali, alikuwapo mwanawe. Hakuwahi kuwa karibu naye hivi tangu alipolazwa hospitali. Akaegemea ukuta wa shimo.

"Mtoeni huyo mama!" kijana alipaza sauti. "Nyinyi, mshikeni mkono!"

"Ben," mtu alisema. "Nyamaza."

Mzee aliyekuja ukingoni hakuwa na fimbo wala maneno makubwa. Alikuwa amevaa koti la mvua, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Walimwita Hezekiah, naye aliwahi kuendesha lori la majani chai huko Othaya hadi mgongo ulipokataa. Mkewe ndiye aliyekuwa garini.

"Mama," alisema, "mtoto wako aliitwa nani?"

"Simeon Mwai. Wa Gatimu."

"Aliitwa guka yake."

"Ndiyo, baba."

"Na guka yake yuko wapi?"

Magdaline alionyesha kwa kidole juu ya ukingo. "Pale chini, karibu na ua."

"Na hao watu wa kompyuta wakaona jina mara mbili, wakasema ni mtu mmoja."

"Ndiyo, baba."

Hezekiah alitazama udongo uliovurugika, akautazama muda. Kisha akageuka. Karibu na gari la maiti alisimama mke wa Ben, na mgongoni mwake, ndani ya shali, alilala mtoto wa kike aliyetoa mkono mmoja nje.

"Ben, huyo msichana wako umemwita nani?"

Ben aliangalia viatu vyake vilivyopakwa rangi kwa ajili ya siku hiyo. "Wacera, baba."

"Na ndani ya sanduku ni nani?"

"Ni Wacera."

"Leo tukimwandikisha mama yako hapa," Hezekiah alisema, "siku moja hao watu watamtafuta mtoto wako kwa mashine wamkute alishazikwa. Nawe utaenda kusimama kwa dirisha. Utaambiwa ametulia, yuko na namba."

Ben alijifuta uso kwa mkono wa suti. Mvua ilikuwa imeanza, nyepesi, ile ya kuonekana kwenye nywele tu. Alisema kwa sauti iliyopungua, "Lakini baba, tutampeleka wapi? Walisema ni hapa tu pamebaki. Shamba uliuza."

"Mpigie baba yako mdogo. Kule Mukurweini."

"Alisema hataki kukuona tena."

"Mwambie si mimi nakuja. Ni Wacera."

Ben alienda kando, chini ya mkaratusi, akawapa mgongo. Hakuna aliyeimba. Magdaline alibaki shimoni, kwa kuwa hakujua kama ni vizuri kutoka kabla jibu halijaja. Aliweza kuona mabega ya Ben tu. Yalipanda. Yakashuka. Wakati mmoja alisikia, "Hapana, baba mdogo, sikiza kwanza," kisha kimya kirefu kilichomfanya ashike mzizi uliotokeza ukutani kana kwamba ungemzuia asivutwe. Kama huyo ndugu angekataa, mzee angefanya nini? Mtu hawezi kurudi mochari na mke kila siku kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua.

Ben alirudi. Macho yake yalikuwa yamelowa, na si mvua peke yake.

"Amesema chini ya migomba, upande wa cucu, mama yenu," alisema. "Amesema Wacera alimlea akiwa mdogo, hawezi kulala mjini na yeye yuko na shamba. Amesema wanaanza kuchimba, tuendeshe polepole."

Hezekiah alitikisa kichwa mara moja. Aliinama, mgongo ukimwuma waziwazi, akamnyooshea Magdaline mkono, na Ben akanyoosha wake kutoka upande wa pili. Walimvuta juu pamoja.

"Nenda umzike mama yako," Magdaline alimwambia Ben. "Pole kwa kumpoteza."

Gari la maiti liligeuka kwa shida kwenye matope, na akina mama wakalifuata wakianza wimbo upya. Mmoja alirudi mbio kumpa kikapu chake. Muda si muda pale juu walibaki Magdaline, Mburu na mwenzake, na lile shimo.

Simu ililia.

"Mama, ni Kinuthia. Nimempata Wendy. Amekubali, nawatenganisha sasa hivi. Wako wapi wale watu? Wamezika?"

"Wameenda."

Alimsikia akishusha pumzi. "Asante Mungu. Sasa mama, sistemu inataka kitu cha kuwatofautisha, wasije wakaunganishwa tena. Tarehe ya mtoto niko nayo. Mzee alizaliwa lini?"

"Wakati wa nzige."

"Haikubali nzige, mama. Inataka siku, mwezi na mwaka."

"Basi isubiri. Kesho nitakuletea kitambulisho chake. Lakini hata hicho walikisia." Alifikiri kidogo. "Na pale kwa jina la mtoto, mwandikie 'mjukuu'."

"Hakuna mahali pa mjukuu."

"Tafuta mahali."

Kinuthia alicheka kidogo, safari hii bila kujikatiza. "Nitaandika pamoja na jina. Wakiniuliza nitasema ndivyo alivyoitwa."

Magdaline aliweka simu ndani ya kikapu. Mburu alikuwa ameshachota koleo la kwanza kutoka kwenye tuta la udongo, na alikuwa amelielekeza shimoni.

"Ngoja," Magdaline alisema. "Mimi kwanza."

Mburu alimtazama. Labda alikumbuka, labda hakukumbuka. Walizika wengi mwaka ule. Lakini alishusha koleo, akavua kofia yake ya sufu iliyolowa, na mwenzake akaacha jembe.

Magdaline alipiga magoti. Alichota udongo kwa mikono miwili, akatoa kijiwe kimoja kilichokuwa ndani yake, akakitupa pembeni. Akanyoosha mikono juu ya shimo. Hapakuwa na seng'enge, wala askari, wala mtu wa nguo nyeupe. Aliachia. Udongo ulianguka karibu bila sauti, maana shimo halikuwa refu na mvua ilikuwa imelainisha kila kitu.

Akachota mwingine.